Dokta Aliyegeuza Wodi ya Kungoja Kufa Ikawa Uwanja: Maisha ya Ludwig Guttmann

Leo tunaanza na nduthi, alafu tunaingia kwa stori ya dokta mmoja mzaliwa wa Ujerumani aliyeaga dunia 1980, kabla wengi wetu hatujazaliwa. Najua unajiuliza hizo vitu mbili zinakutana wapi. Tulia, utaona.

Hapa Kakamega kila mtu anamjua mtu. Anza Lurambi ushuke mpaka Shirere, pitia Amalemba utokee Khayega, hutakosa kusikia kuhusu chali alikuwa anapiga boda, akagongwa usiku ama akateleza mvua ikinyesha, na tangu hiyo siku hajasimama tena. Mwingine alianguka kwa mparachichi. Mwingine alikuwa mjengo, mbao ikavunjika. Mgongo ukaenda, miguu ikakataa.

Mwanzo watu wanajaa kwao na sukari na mkate. Harambee inapigwa. Mwezi wa tatu wageni wanapungua, mwezi wa sita amebaki na mathe wake. Watu wakiuliza huko kanisani, mathe anajibu tu kijana yuko, Mungu ni mwema. Lakini kijana yuko chumba cha nyuma, analala akihesabu misumari ya mabati.

Sasa jiulize: huyo chali maisha yake yameisha ama hayajaisha?

Kuna mtu alilijibu hilo swali kwa maisha yake yote. Jina lake ni Ludwig Guttmann. Ukiona mchezaji wa tenisi ya meza kwa kiti cha magurudumu anapiga mpira hadi unapotea, ama ukiona Mkenya kipofu anakimbia na kuchukua dhahabu, jua chanzo cha hiyo kitu yote ni huyu mzee na wagonjwa wake.

Mchimba makaa wa 1917

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899, mji mdogo unaitwa Tost. Ile taimu ilikuwa Ujerumani, siku hizi ni Poland. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi. Akiwa bado mdogo walihamia Königshütte, mji wa migodi ya makaa ya mawe.

1917, akiwa na miaka 18 na vita ya kwanza ya dunia bado inawaka, alikuwa anajitolea kwa hosi ya watu waliopata ajali. Siku moja wakaletwa na jamaa mchimba makaa, mtu mkubwa, mwenye nguvu, mgongo umevunjika. Guttmann akaanza kuandika rekodi ya mgonjwa vile alikuwa amefunzwa. Akaambiwa asijisumbue, huyo anadedi tu wiki chache zijazo.

Na kweli alidedi, baada ya kama wiki tano. Lakini skiza hapa, juu hii ndiyo siri ya stori yote: hakuuliwa na mgongo. Aliuliwa na vidonda vya kulala sehemu moja na uchafu wa mkojo uliorudi ndani, damu ikaingia sumu. Yaani vitu ambavyo mtu angeweza kuzuia kama angejali. Huyo jamaa alifichwa nyuma ya pazia, akaachwa.

Guttmann hakumsahau mpaka uzeeni.

Akaenda kusomea udaktari, akamaliza 1924, akaingia kazi mji wa Breslau chini ya profesa Otfrid Foerster, mmoja wa mafundi wakubwa wa ubongo na mishipa ya fahamu Ulaya nzima. Kijana akang'ara. Kufikia miaka ya thelathini alikuwa anahesabiwa kati ya wale wakali wa hiyo kazi Ujerumani.

Usiku wa wagonjwa 64

1933 Hitler akaingia. Madaktari Wayahudi wakafutwa kazi hosi za serikali. Guttmann, na hizo akili zote, akapigwa marufuku kuwatibu Wajerumani wengine. Akahamia hosi ya Wayahudi hapo Breslau, na 1937 akawa mkurugenzi wake.

Alafu ikafika usiku wa tarehe 9 Novemba 1938. Masinagogi yakachomwa Ujerumani nzima, maduka ya Wayahudi yakavunjwa, wanaume wakaanza kuokotwa kupelekwa kambi za mateso. Guttmann akatoa amri moja kwa wafanyakazi wake: mtu yeyote wa kiume akifika mlangoni usiku huu, lazwa. Usiulize anaumwa nini.

Asubuhi makachero wa Gestapo wakaingia kukagua. Waliona wanaume wengi ghafla wodini, wakashtuka. Guttmann akatembea nao kitanda hadi kitanda, akimtafutia kila mmoja ugonjwa papo hapo. Huyu moyo, huyu tumbo, yule kiharusi. Inasemekana alikuwa anakunja uso kimya kimya ili mgonjwa aelewe ajifanye anaumwa wapi. Watu 64 walikuwa wamelazwa usiku huo. Alifanikiwa kuwaokoa 60.

Fikiria hiyo. Mtu mwenyewe anatafutwa, ana mke na watoto wawili nyumbani, na bado anacheza na simba akiwa amefungua mdomo.

Muda mfupi baadaye serikali ya Ujerumani ikamrudishia pasipoti, lakini kwa kazi moja tu: aende Ureno kumtibu rafiki wa mtawala Salazar. Akirudi akapitia London, na huko kulikuwa na shirika la kusaidia wasomi wakimbizi. Wakampangia viza. Machi 1939 akavuka na mke wake Else, kijana wao Dennis na binti yao Eva, wakaingia Uingereza. Miezi sita baadaye vita ikalipuka na milango ikafungwa. Wengi wa ukoo wake waliobaki nyuma hawakupona.

Wodi ambayo hakuna dokta alikuwa anataka

Huko Oxford Guttmann alipewa kazi ya utafiti. Mkali wa Breslau sasa ni mkimbizi, anasoma makaratasi, haruhusiwi kuongoza wodi. Kama umewahi kuona mtu na digrii yake anauza mitumba Muliro Gardens, unaelewa hiyo kitu vile inauma.

Alafu serikali ya Uingereza ikapata shida. Walikuwa wanapanga kuvamia Ufaransa kukomboa Ulaya, na walijua askari wengi watarudi na migongo imevunjika. Nani atawatibu? Madaktari wengi hawakutaka hata kuskia. Mtu aliyepooza kwa uti wa mgongo alikuwa anaonekana ni kazi ya bure, kama kumwagilia mti umekauka. Guttmann akaulizwa. Akakubali kwa sharti moja: aachwe afanye kwa njia yake, asiingiliwe.

Tarehe 1 Februari 1944 akafungua kitengo cha uti wa mgongo kwa hosi ya Stoke Mandeville, karibu na mji wa Aylesbury. Vitanda 26 hivi. Vifaa vichache. Na wagonjwa waliokuwa wanaletwa wakiwa wamefungwa plasta mwili mzima, wamelishwa dawa za kulaza, wananuka vidonda.

Hapa sasa ndiyo utaona kazi. Aliondoa plasta. Akapunguza dawa za kulaza. Akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, mchana na usiku, bila kukosa. Masaa mawili, geuza. Masaa mawili, geuza. Na yeye mwenyewe alikuwa anatokea saa nane usiku kuhakikisha hakuna nesi amelala. Kibofu kikahudumiwa kwa usafi kama wa chumba cha upasuaji. Vidonda vikaanza kufunga. Watu wakaacha kudedi.

Hakuna mashine ya ajabu hapo. Hakuna dawa mpya. Ni mikono, saa na ukali. Mimi sikumaliza chuo, wala sitajifanya daktari, lakini hiyo hesabu naielewa: yule mchimba makaa wa 1917 angeweza kupona kama kungekuwa na mtu wa kumgeuza.

Na alikuwa mkali kweli. Wauguzi walimlalamikia. Wagonjwa wengine walimchukia mwanzoni, juu walikuwa wameshakubali kulala wafe pole pole, na huyu Mjerumani, adui wao wa vita ukisikia hiyo lafudhi yake, anawavuta waketi. Kila mgonjwa alitakiwa kujifunza kazi: useremala, kutengeneza saa, kupiga taipu. Lengo lilikuwa mtu atoke hapo aende nyumbani, aoe ama aolewe, alipe kodi kama watu wengine. Baadaye walimpa jina Poppa, yaani buda. Buda mkali, lakini buda.

Raketi iliyofungwa na bendeji

Michezo iliingia hivi. Wagonjwa walikuwa wanaboeka kwa viti vyao, wakaanza kupiga kitu sakafuni kwa fimbo. Guttmann akaona, akajiunga. Hiyo ikawa polo ya viti. Shida ni kwamba iligeuka vita, watu wanagongana na kuumizana, ikabidi aisimamishe. Wakaingia mpira wa wavu wa kutupa kapuni, upinde na mshale, na tenisi ya meza.

Tenisi ya meza ndiyo hebu tukae nayo kidogo, juu watu wengi huiona kama kitu ya kupitisha taimu kwa klabu.

Mtu aliyevunjika mgongo anapoteza kitu ambayo wewe hujawahi kuifikiria: kukaa wima bila kuanguka. Misuli ya tumbo na mgongo haiskii tena. Sasa muweke mbele ya meza, mpira mdogo unakuja kasi, kushoto, kulia, mbele. Lazima mwili ujifunze upya kujizuia, mabega yabebe kazi ya kiuno, macho na mkono viongee haraka. Ni tiba, lakini mgonjwa hajui anatibiwa. Anachojua ni kwamba yule fala wa kitanda cha tano amemchapa jana na leo lazima alipize.

Na kama vidole havishiki? Unachukua raketi, unaifunga kwa mkono na bendeji, mchezo unaendelea. Hivyo ndivyo watu waliovunjika shingo walicheza, na wapo wanaocheza hivyo mpaka leo. Sheria ilibadilishwa kidogo tu: ukianzisha mpira kwa mpinzani aliye kwa kiti, ukadunda upande wake alafu ukatokea pembeni ya meza, hiyo haihesabiki, inarudiwa. Lazima utoke nyuma, upande wake. Karibu kila kitu kingine ni tenisi ile ile unayoijua.

Kuna jambo lingine Guttmann aliliona mapema. Kwa upinde na kwa tenisi ya meza, mtu wa kiti anaweza kumkabili mtu anayetembea na amshinde. Si kwa kuhurumiwa. Amshinde. Ukishachapwa na mtu na raketi, huwezi tena kumuangalia kama maskini wa kusaidiwa. Hiyo ndiyo dawa ambayo haiuzwi kwa chemist.

Watu 16 na lori la ndoto

Tarehe 29 Julai 1948, London walikuwa wanafungua Olimpiki, ya kwanza tangu vita iishe. Siku hiyo hiyo, kwa nyasi za hosi ya Stoke Mandeville, Guttmann akapanga mashindano yake. Wachezaji walikuwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, wote kwa viti, wote waliumia vitani. Mchezo ulikuwa mmoja tu, upinde na mshale. Timu mbili: ya hosi yake, na ya nyumba ya askari waliolemaa huko Richmond. Wageni walishinda.

Kama ungepita hapo ungeona nini? Wagonjwa 16 wanarusha mishale. Hata huko Bukhungu mechi ya wodi mbili haiwezi kujaza benchi moja. Lakini Guttmann akaanza kuambia watu kwamba siku moja hii kitu itakuwa Olimpiki ya walemavu. Watu waliona mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Hakuacha. Kila mwaka mashindano, kila mwaka michezo inaongezwa. 1952 Waholanzi wakaleta timu, ikawa ya kimataifa. Hapa ndiyo dokta anageuka kuwa msimamizi wa michezo kamili: kutafuta pesa, kuandikia serikali barua, kugombana na makamati, kutafuta mabasi, kuandika sheria za nani ashindane na nani. 1961 akaanzisha chama cha michezo ya walemavu cha Uingereza. Kazi haina shangwe, lakini bila hiyo hakuna medali.

1960 ndoto ikashika. Wiki moja tu baada ya Olimpiki ya Roma kuisha, wanamichezo 400 hivi kutoka nchi 23 wakatua Roma kwa viti vyao. Leo ndiyo tunahesabu hiyo kama Paralimpiki ya kwanza. Michezo ilikuwa minane, na tenisi ya meza ilikuwa ndani. Haijawahi kutoka tangu siku hiyo.

Usidhani ilikuwa bashasha tupu. Nyumba walizopewa zilikuwa zimejengwa juu ya nguzo, na ngazi kila mahali. Askari wa Italia ndio walikuwa wanawabeba na viti vyao, juu na chini, siku nzima. Lakini pia Papa Yohane wa 23 aliwakaribisha na kuwapongeza. 1964 wakaenda Tokyo, 1968 Tel Aviv.

Sue, dem wa raketi aliyeingia bunge

Nikupe mfano mmoja uone vile hii kitu ilizaa viongozi, si medali tu.

1958 kulikuwa na msichana Mwingereza wa miaka 20 na kitu, anaitwa Susan, anapenda farasi kufa. Akaanguka kwa mashindano ya farasi, uti wa mgongo ukavunjika. Akaletwa kwa Guttmann. Mwaka uliofuata akaolewa na mchumba wake, ambaye hakukimbia. Na 1960 akawa Roma, anaogelea na kucheza tenisi ya meza akiwa kwa kiti. Alirudi nyumbani na medali, na akaendelea kushindana hadi miaka ya mwisho ya sitini.

1970 akaingizwa bunge la juu la Uingereza, akijulikana kama Baroness Masham. 1974 akaanzisha chama cha watu walioumia uti wa mgongo, ambacho kiliongozwa na wenye hali hiyo wenyewe. Alikaa bungeni zaidi ya miaka 50, akisumbua serikali kuhusu hosi, magereza na haki za walemavu, hadi alipoaga 2023.

Unaona safari? Kitandani, mezani na raketi, alafu mezani pa kuamua. Na hiyo hatua ya mwisho ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Tukiwa wakweli, kwa miaka mingi michezo ya walemavu iliongozwa na madaktari, na Guttmann mwenyewe alikuwa buda wa kuamua kila kitu. Mbio za viti Tokyo 1964 zilikuwa za mita 60 tu, wakati leo watu wa viti wanakula marathoni nzima. Wachezaji walilazimika kupigania nafasi ya kujiongoza. Kamati ya kimataifa ya Paralimpiki iliundwa 1989, na ni mpaka 2001 ndiyo ilipata rais aliyekuwa mchezaji wa kiti cha magurudumu, Philip Craven, mtu wa mpira wa kikapu.

1972: Mkimbizi anarudi, Kenya inaingia

Sasa tufike kwetu.

1972 Olimpiki ilikuwa Munich, Ujerumani. Paralimpiki ilifaa kuwa hapo hapo, lakini nyumba za wachezaji zilikuwa zinageuzwa haraka ziwe za kuuza, ndiyo ikapelekwa Heidelberg. Karibu wanamichezo 1,000, zaidi ya nchi 40.

Weka hii picha kichwani. Miaka 33 kabla, huyu mtu alitoroka Ujerumani na familia yake, nchi ikiwa imesema maisha ya Myahudi hayana thamani. Ni serikali hiyo hiyo ya Hitler iliyoanza kuua walemavu wake yenyewe kwa maelfu, ikiwaita mzigo. Na sasa Guttmann anarudi Ujerumani akiwa Sir, juu malkia alimpa hadhi hiyo 1966, na nyuma yake kuna bahari ya viti vya magurudumu, bendera zinapepea, Wajerumani wanapiga makofi. Hakuna hotuba inaweza kushinda hiyo.

Na kati ya hizo bendera kulikuwa na ya Kenya. Heidelberg 1972 ndiyo Paralimpiki yetu ya kwanza kabisa, na majirani wetu Uganda pia. Tulikuwa na uhuru wa miaka 9 tu.

Kutoka hapo hesabu unaijua. Henry Wanyoike, kipofu, dhahabu ya mita 5,000 Sydney 2000. Mary Nakhumicha, dhahabu ya mkuki Beijing 2008. Samson Ojuka, fedha ya kuruka mbali Paris 2024. Hao wote wanatembea kwa barabara iliyokatwa na wagonjwa 16.

Guttmann mwenyewe alipata mshtuko wa moyo mwisho wa 1979 na akafariki tarehe 18 Machi 1980, akiwa na miaka 80. Michezo ya mwaka huo ilifaa kuwa Moscow, Warusi wakakataa, ikachezewa Arnhem, Uholanzi. Hakuiona. 2012 London ilipoandaa tena Olimpiki, sanamu yake ikawekwa Stoke Mandeville, na BBC wakatoa filamu kuhusu maisha yake, The Best of Men, Eddie Marsan akiigiza kama yeye. Itafute wikendi, na ubebe kitambaa.

Sasa wewe ufanye nini na hii stori?

Rahisi kusoma, kusema manze huyo mzee alikuwa moto, na kuendelea kuscroll. Lakini ngoja kidogo.

Sisi huku bado tuko 1917 kwa mambo mengine. Hosi ya kitaifa ya uti wa mgongo iko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa, na si kila familia ya Malava ama Ikolomani inaweza kufika. Wengi wanaumia na kutibiwa nusu, alafu wanarudishwa nyumbani bila mtu kuambiwa zile kanuni za Guttmann. Na kanuni zenyewe hazihitaji milioni.

Kwanza, pale ajali imetokea. Msee ameanguka, analalamika hajisikii miguu. Acha kumvuta mkono na kumkunja kwa Probox kama gunia. Mshikilieni kichwa na mgongo vikae mstari mmoja, asisogezwe ovyo, mtafute usaidizi wa kumbeba akiwa amenyooka. Dakika tano za haraka zinaweza kumaliza mgongo ambao bado ulikuwa na tumaini.

Pili, pale nyumbani. Masaa mawili, geuza. Angalia ngozi kila siku, makalio, visigino, mgongo. Ukiona wekundu ama weusi usiotoka, si kitu ya kupaka mafuta na kungoja, peleka kliniki. Mkojo uhudumiwe kwa usafi, na muuguzi awaonyeshe jinsi. Mathe hawezi kufanya hiyo peke yake usiku na mchana. Kama nyinyi ni mbogi ya watu sita, gawaneni zamu.

Tatu, na hii ndiyo watu husahau: mtoeni nje. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aweze kufika sehemu zote. Lakini katiba haiwezi kusukuma kiti kwa matope ya mtaa. Ni nyinyi. Meza ya ping pong si lazima iwe ya dukani. Mbao mbili, urefu ambao magoti yanapita chini, kamba katikati, raketi mbili. Kama mkono haushiki, kuna bendeji.

Na mkimpeleka, msimwachie apate pointi. Hiyo ni huruma, na huruma ndiyo ilimlaza huko nyuma. Mchapeni kama mnaweza. Mtashangaa mwezi wa tatu, wakati yeye ndiye anawachapa, na mwaka unaofuata ndiye anaitisha mkutano wa klabu, ameshika daftari, anauliza nani bado hajalipa.